Hisa Elfu Kumi na Mzee wa Kurasa

Mnamo Agosti 2014 nilinunua hisa 10,000 za kampuni moja ya viwanda iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa shilingi 38 kila moja. Jina lake sitalitaja, na tarakimu za hesabu zake nimezigeuza kidogo ili isitambulike, kwa sababu ambazo msomaji atazielewa akifika mbele. Fedha hizo, shilingi 380,000, zilitoka mifuko miwili: 180,000 zilikuwa akiba yangu ya miaka minne katika kazi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na 200,000 nilizikopa kwenye Sacco ya kazini kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, mkopo wa miezi 36. Juu ya hapo dalali alitoza ada yake, ambayo pamoja na tozo za soko ilikaribia asilimia mbili ya fedha zote, yaani shilingi 8,000 hivi ambazo sikuwa nimezipigia hesabu hata kidogo.

Hasara niliyoipata nitaieleza, lakini iliyonifanya nikae niandike ni ubishi. Kwa karibu miaka mitatu nilibishana na watu nisiowajua kuhusu kampuni isiyonijua, kwanza nikiitetea, kisha nikiitukana, na mara zote mbili nilikuwa sijasoma nilichokuwa nikibishania.

Ni vyema kwanza nieleze hali ya wakati ule. Wengi wetu tuliingia katika hisa kwa mlango wa Safaricom mwaka 2008, pale hisa zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5 na waombaji zaidi ya 800,000 wakajitokeza. Bei ilishuka chini ya shilingi 5 na kukaa huko muda mrefu, watu wakauza kwa hasara huku wakilaani, halafu kufikia 2014 hisa ile ile ilikuwa imepita shilingi 10. Somo ambalo kila mtu alijifunza ni kwamba mwenye subira hula mbivu, na asiye na subira huuza. Somo hilo lilikuwa sahihi kwa Safaricom. Sisi tulilibeba zima zima na kulivika kila kampuni iliyotangaza faida, na soko lenyewe lilitutia kichwa, kwa maana fahirisi ya hisa 20, yaani kipimo cha mwendo wa bei za kampuni 20 za soko hilo, ilivuka pointi 5,000 mwanzoni mwa 2015 na hakuna aliyedhani kwamba Januari 2017 ingekuwa imeshuka chini ya 3,000.

Nilijiunga na jukwaa la mtandaoni la wawekezaji wiki ile ile niliyonunua. Nilijipa jina la samaki, nguru, na nikaona raha ambayo sikuitarajia. Mchana nilikuwa mtu wa kusukuma makaratasi ya makontena kati ya ofisi na bandari. Usiku nilikuwa mchambuzi. Kampuni yetu ilikuwa na uzi wake, yaani mfululizo wa maandishi ya watu kuhusu jambo moja, wenye kurasa zaidi ya mia, na ndani yake tulikuwa kama ishirini hivi tuliojuana kwa majina ya kubuni, tukisalimiana, tukipeana pole za misiba na hongera za watoto, na kila bei ikipanda senti hamsini tukipongezana kana kwamba tumeipandisha sisi. Sasa naona kwamba hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mtu akishakula nawe, hata kama ni kwa maandishi tu, kumwambia kwamba hisa yake ina kasoro ni kumvunjia heshima, na yeye kukubali ni kuwasaliti wenzake.

Novemba 2014, baada ya ripoti ya mwaka kutoka, aliingia mtu mmoja ambaye hakusalimia. Aliandika mistari kumi hivi. Alisema tufungue ukurasa wa 61, tusome maelezo namba 24, halafu turudi kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha tuangalie mstari wa kwanza. Mauzo yameongezeka kwa asilimia 6, alisema, lakini fedha ambazo wateja wanadaiwa zimetoka milioni 410 na kufika milioni 690. Kampuni imetangaza faida ya milioni 210, lakini fedha taslimu zilizotokana na biashara yenyewe ni hasi milioni 140. Na karibu theluthi moja ya deni hilo linadaiwa kampuni nyingine ambayo mmoja wa wakurugenzi ana maslahi ndani yake, wala haikutengwa hata shilingi moja ya tahadhari iwapo halitalipwa. Alimaliza kwa kuuliza: ‘Nani ameuliza linalipwa lini?’

Leo maneno hayo nayaelewa kwa sababu nilikuja kueleweshwa na mama mmoja anayeuza mchele kwa jumla Kongowea, nilipokuwa nikimsimulia masaibu yangu. Alicheka, akanionyesha daftari lake. Mchele uliotoka dukani umeandikwa upande mmoja, pesa zilizoingia zimeandikwa upande wa pili. ‘Mwanangu,’ akaniambia, ‘mimi naweza kukuuzia magunia hamsini kwa mkopo leo jioni, nikaenda kulala nikiwa tajiri. Kesho asubuhi mwenye lori atataka pesa, hatataka daftari.’ Ripoti ya kurasa 90 iliyochapishwa kwa karatasi ya kung’aa ilikuwa inasema jambo hilo hilo.

Lakini Novemba ile sikufungua ukurasa wa 61. Niseme ukweli, ripoti yenyewe nilikuwa nayo kwenye simu na nilikuwa nimesoma barua ya mwenyekiti na kutazama picha za wafanyakazi waliovaa kofia za manjano. Badala ya kufungua, nilijibu. Niliandika kwamba ametumwa na washindani. Mwenzangu akaongeza kwamba anataka kuishusha bei anunue kwa rahisi. Mwingine akasema huyu ameuza hisa za kuazima na anangoja zianguke azinunue tena kwa bei ya chini, azirudishe, abaki na tofauti, neno ambalo tulikuwa tumeliokota kwenye habari za Marekani, ilhali wakati huo katika soko letu utaratibu wa kuuza hisa za kuazima haukuwepo. Hakuna aliyejali. Tulimbandika jina la kejeli, Mzee wa Kurasa, na kila alipoandika tulimjibu kwa kumwuliza leo ni ukurasa wa ngapi.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonikera. Aliendelea kwa miezi mitatu kuandika mistari kumi kumi, kila mmoja na ukurasa wake, na hakuwahi hata siku moja kumwita mtu mwizi. Kwa yeyote anayesoma haya akiwa katikati ya ubishi wa namna hiyo, hiyo ndiyo alama ya kwanza ningemwomba aitazame: mkosoaji anakupa kitu unachoweza kwenda kukikagua mwenyewe, au anakupa hasira tu? Swali la kama ana maslahi ni halali, na nitalirudia, lakini haliwezi kujibu kama milioni 690 zipo kwenye ukurasa wa 61 au hazipo.

Februari 2015 kampuni ikatoa tangazo gazetini. Lilisema kuna watu wenye nia mbaya wanaosambaza upotoshaji kupitia mitandao, kwamba misingi ya kampuni ni imara, na kwamba hatua za kisheria zitachukuliwa. Halikugusa ukurasa wa 61. Siku chache baadaye msimamizi wa jukwaa, ambaye alisema amepokea barua ya mawakili, aliyafuta maandishi ya Mzee wa Kurasa na kumfungia. Tulishangilia. Mimi mwenyewe niliandika ‘haki imetendeka’, na bei ilipofika shilingi 44 mwezi Machi nilikuwa na faida ya shilingi 60,000 ya kwenye karatasi. Mke wangu alishauri niuze angalau hisa za kulipia mkopo. Nilimwambia haelewi mambo ya soko.

Yule msimamizi simlaumu sana siku hizi. Baadaye nilipoanza kusoma kuhusu mambo haya niligundua kwamba ugomvi kama wetu ni wa zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1994 mtu asiyejulikana aliandika kwenye jukwaa la fedha la huduma ya mtandao ya Prodigy huko Marekani kwamba kampuni ya udalali ya Stratton Oakmont inafanya ulaghai katika uuzaji wa hisa mpya. Stratton Oakmont ikaishtaki Prodigy, na mwaka 1995 mahakama ya New York ikasema kwamba kwa kuwa Prodigy ilikuwa inasimamia na kufuta maandishi ya watu, basi inawajibika kama mchapishaji. Bunge la Marekani liliibatilisha hoja hiyo kwa sheria ya mwaka 1996, na hapo ndipo wenye majukwaa wa nchi ile walipopata kinga yao. Stratton Oakmont yenyewe ilifungwa mwaka huo huo wa 1996, na wakuu wake baadaye walikiri mashtaka ya ulaghai wa hisa. Msimamizi wetu, kijana aliyelipia mtambo wa jukwaa kwa pesa zake mwenyewe, hakuwa na kinga ya namna hiyo ya kuiegemea alipofungua barua yenye nembo ya mawakili. Kilichonisumbua ni sisi wengine, ambao hatukuandikiwa barua na mtu na bado tulimsaidia kuufunga mdomo ule.

Onyo la kushuka kwa faida lilitoka Agosti 2015. Kwa kanuni za soko letu, kampuni ikitarajia faida yake ishuke kwa asilimia 25 au zaidi kuliko mwaka uliotangulia, ni lazima iutangazie umma. Sababu iliyotolewa ilikuwa ‘kutengwa kwa fedha za tahadhari kwa ajili ya madeni’. Hisa ilikuwa imeshalegea hadi shilingi 31 wakati huo, na asubuhi ile ilishuka hadi 27.90, ikagota. Watu wengi hawajui hadi yawakute: soko letu haliruhusu bei ishuke kwa zaidi ya asilimia kumi kwa siku moja, na hilo linasikika kama ulinzi, lakini siku ya habari mbaya maana yake ni kwamba wauzaji wanapanga foleni kwenye bei ya chini kabisa na mnunuzi hayupo. Niliweka oda ya kuuza siku tatu mfululizo. Haikuguswa. Siku ya nne nikaiondoa, na nikajiambia kwamba nimebadili mawazo.

Kwenye uzi wetu watu walikuwa wakiondoka kimya kimya. Hakuna aliyeaga.

Desemba hiyo nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka. Nilikuwa nimechapisha ukurasa wa 61 wa mwaka uliopita na ukurasa unaolingana nao wa mwaka huo, nikavikunja ndani ya mfuko wa shati. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha. Nje ya ukumbi palikuwa na foleni mbili: moja ya kujiandikisha, nyingine ya kupokea mwavuli wa kampuni na boksi la chakula, na hii ya pili ilikuwa ndefu mara tatu. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja alisimama akalalamika kwamba mwaka jana kulikuwa na soda mbili na mwaka huu ni moja. Ukumbi ukampigia makofi. Mama mmoja akauliza kwa nini miavuli imekwisha kabla ya watu wa mbali kufika. Maswali hayo mawili yalichukua kama dakika ishirini, na mwenyekiti aliyajibu kwa upole na kwa urefu.

Nilinyanyua mkono mara nne. Nilipopewa kipaza sauti, karatasi ilikuwa imeloa kwa jasho na sauti yangu ilitetemeka, nikauliza deni la kampuni ile yenye uhusiano na mkurugenzi linalipwa lini na kwa nini mwaka uliopita halikutengewa chochote. Mwenyekiti alisema, ‘Tunamshukuru mwanahisa, jambo hilo tumelinakili.’ Kisha akamwita anayefuata. Nilirudi Mombasa na mwavuli, ambao ninao hadi leo, na ambao kwa gawio nililowahi kupokea na hasara niliyokuja kuipata ndio mwavuli wa bei ghali kuliko yote pwani nzima.

Sasa najua kwamba nilipaswa kuuliza kwa maandishi kabla ya mkutano. Kampuni ya umma inatakiwa kutoa taarifa ya mkutano mkuu siku 21 kabla, na siku hizo si za kutafuta nauli tu. Ungemwandikia katibu wa kampuni, ukataja ukurasa na namba ya maelezo, ukaomba jibu liandikwe, ukabaki na nakala. Swali la mdomo hupotelea kwenye makofi. Tangu mikutano mingi ilipohamia mtandaoni mwaka 2020 maswali hutumwa kwa ujumbe kabla ya siku yenyewe, na ingawa wengi wanasikitikia maboksi ya chakula, kwa mtu aliyeko Lamu au Lodwar huu ni utaratibu bora zaidi.

Mwaka 2016 wote bei ilikuwa inateremka. Novemba niliuza hisa 5,000 kwa shilingi 11, nikapata 55,000, na zote zikaingia kwenye mkopo wa Sacco. Zilizobaki nilizishikilia kwa hasira tu. Usiku mmoja wa Machi 2017, baada ya kusoma kwamba yule mkurugenzi mwenye maslahi amejiuzulu kwa ‘sababu za kibinafsi’, niliandika kwenye jukwaa kwamba ameiba fedha za wanahisa, kwamba mkewe anajengewa nyumba kwa jasho letu, na kwamba mkaguzi wa hesabu alihongwa. Nilimtaja kwa jina. Niliandika kwa herufi kubwa. Watu 40 hivi waliafiki katika saa ya kwanza, na nakiri kwamba nililala vizuri usiku ule kuliko siku nyingi zilizopita.

Barua ilifika ofisini siku ya kumi na mbili, ndani ya bahasha ya kahawia iliyoletwa na tarishi aliyetaka nitie sahihi. Ilinitaja kwa majina yangu matatu. Ilinipa siku saba niyafute maandishi, niombe radhi hadharani na nikubali kuwajibika kwa fidia. Nilisimama kwenye ngazi nikiishika, na jambo la kwanza nililowaza ni: wamenijuaje? Jibu nililipata jioni nilipopitia maandishi yangu ya nyuma. Mwaka 2014, siku nilipopokea gawio la kwanza, nilikuwa nimeweka picha ya hundi nikijivuna. Nilikuwa nimeziba jina kwa kidole gumba. Kidole kilikuwa kimeziba jina la kwanza na la pili. La tatu lilionekana, pamoja na namba ya mwanahisa pembeni. Ukijumlisha na mara chungu nzima nilizolalamikia foleni za bandarini, hapakuwa na siri yoyote ya kulinda.

Nilimwendea wakili mmoja, mama wa makamo mwenye ofisi ghorofani mjini, ambaye alinitoza shilingi 30,000 kwa kazi yote na aliniambia ukweli bila kunipaka mafuta. Nilimwuliza kama naweza kufungwa. Akasema nina bahati ya mwezi mmoja, kwa sababu Februari ile ile ya 2017 Mahakama Kuu ilikuwa imekiondoa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Lakini shauri la madai lilibaki palepale, na mlalamikaji ana miezi 12 ya kulifungua. Mwaka mmoja baadaye, 2018, ikaja sheria ya makosa ya mtandao iliyokuja na adhabu juu ya taarifa za uongo, faini hadi shilingi milioni 5, kifungo, au vyote viwili, kwa hiyo anayeandika leo aulize kwanza sheria ikoje, asiazime ile bahati yangu.

Kisha akaninyang’anya simu kwa upole, akasoma nilichoandika, akaniuliza, ‘Mwanangu, unaweza kuthibitisha aliiba?’

‘Mama, kila mtu anajua.’

‘Kila mtu hataitwa mahakamani. Utaitwa wewe.’

Nilimwonyesha ukurasa wa 61. Akausoma mara mbili, akasema ukurasa huo unaniruhusu kusema mengi: kwamba deni lipo, kwamba ni la kampuni yenye uhusiano na mkurugenzi, kwamba halikutengewa fedha, na kwamba kwa maoni yangu bodi haikuwalinda wanahisa. Maoni yaliyojengwa juu ya mambo ya kweli yana utetezi wake kisheria. Wizi, hongo na nyumba ya mke havimo kwenye ukurasa huo. Hapo nikamkumbuka Mzee wa Kurasa, ambaye kwa miezi mitatu alitembea juu ya mstari ule ule bila kuteleza, akiwa na ukurasa ule ule mkononi. Mimi niliukataa nilipokuwa na hisa zinazopanda, na ziliposhuka nikausingizia mambo usiyoyasema.

Radhi tuliiandika kwa mistari mitatu. Wakili alinikataza kuongeza maelezo, akisema mtu anayeeleza sana anatukana upya. Mawakili wa upande wa pili waliipokea na hawakudai fidia, pengine kwa sababu waliona hali ya mdaiwa wao, yaani mimi mwenyewe. Aprili niliuza hisa 5,000 zilizobaki kwa shilingi 6.50. Kwa jumla nilirudisha shilingi 87,500 kutoka 380,000, na riba ya Sacco peke yake ilifika karibu 37,000. Nilichelewa kulipa ada ya shule ya mtoto muhula mmoja, na hilo mke wangu hajalisema tena, jambo ambalo ni zito kuliko angelisema.

Wapo watakaouliza kwa nini sikwenda kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayosimamia soko la hisa. Nilikwenda, nikiwa nimechelewa na nikiwa na barua ya kurasa sita yenye matusi, na nilijibiwa kwa ustaarabu kwamba nitenganishe malalamiko yangu na nitaje vifungu. Nilijifunza pia kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wawekezaji, ambao watu wengi kwenye jukwaa walidhani utatuokoa, unahusu dalali aliyeshindwa kutimiza wajibu wake kwako, na hata hapo kiwango cha juu wakati huo kilikuwa shilingi 50,000 kwa mwekezaji. Haulipi bei iliyoshuka. Malalamiko yanayosomwa ni mafupi: tarehe, ukurasa, kanuni iliyovunjwa, ulichoomba kwa kampuni na walichokujibu. Tena yatanguliwe na barua kwa kampuni yenyewe, kwa sababu ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Juni 2017 nilimtafuta Mzee wa Kurasa. Alikuwa ameanza kuandika mahali pengine kwa jina tofauti, lakini mtu anayeanza kila andiko kwa namba ya ukurasa hajifichi. Nilimwandikia faraghani, nikamwomba radhi kwa majina niliyomwita na kwa ile ‘haki imetendeka’. Nilitarajia ama anipuuze ama anifariji. Alijibu hivi: ‘Asante, ndugu. Lakini hamkukosea kila kitu. Nilikuwa na hisa hizo na niliziuza wiki mbili kabla sijaanza kuandika. Hilo nilipaswa kuliandika mstari wa kwanza, na sikuliandika.’

Ujumbe huo nilikaa nao muda mrefu. Tulikuwa tumemtuhumu kwa maslahi ambayo hakuwa nayo, na maslahi aliyokuwa nayo hatukuyajua. Nimesoma baadaye kuhusu John Mackey, aliyekuwa mkuu wa maduka ya Whole Foods huko Marekani, ambaye kwa miaka kadhaa hadi 2006 aliandika kwenye ukumbi wa hisa wa Yahoo akijiita Rahodeb, herufi za jina la mkewe Deborah zilizovurugwa, akiisifu kampuni yake na kuiponda Wild Oats, ambayo mwaka 2007 kampuni yake ilikuja kutaka kuinunua. Kwa hiyo anayesifu naye aulizwe. Upande mwingine kuna Wirecard, kampuni ya malipo ya kielektroniki ya Ujerumani: waandishi wa gazeti la Financial Times walipoanika hesabu zake, msimamizi wa masoko wa nchi ile alipiga marufuku uuzaji wa hisa zake za kuazima Februari 2019 na kuwafungulia waandishi malalamiko, na Juni 2020 ikabainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa vitabuni hazipo. Wajerumani nao walikuwa wamempuuza mzee wao wa kurasa, na wao walikuwa na serikali nzima ya kuwasaidia kupuuza.

Siku hizi nina hisa chache, zilizonunuliwa kwa pesa yangu tupu, na bado naingia jukwaani. Nimejiwekea taratibu ambazo mke wangu anaziona za kichekesho. Siandiki baada ya saa tatu usiku. Kabla ya kumjibu mkosoaji nafungua kwanza alichokitaja, na nikikuta kipo naandika kwamba kipo, hata kama kinaniuma. Kila ninachoandika kuhusu kampuni naanza kwa kusema nina hisa ngapi au sina. Picha ya skrini ya kila andiko muhimu, langu na la wengine, naihifadhi pamoja na tarehe, kwa sababu nyuzi hufutwa na kumbukumbu za watu hufutika haraka zaidi. Na karatasi yoyote yenye jina langu haipigwi picha.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliandika kwamba kampuni ambayo mimi ni mwanahisa wake inaficha mkopo wa dola. Wenzangu watatu walikuwa tayari wameshamwuliza ametumwa na nani. Nilifungua ripoti. Mkopo upo, ukurasa wa 74, umeandikwa wazi, ila tarakimu aliyoitaja ni ya mwaka juzi, na sehemu yake imeshalipwa. Niliandika hivyo, nikataja kurasa zote mbili, nikaanza kwa kusema kwamba nina hisa 1,200. Hadi naandika haya hajajibu, na mmoja wa wale watatu ameniuliza nimelipwa kiasi gani.